Jokofu Lililosema Nyuzi Nne

Wifi yangu, mke wa kaka, huandika programu za mashine, na kwa anavyojiamini ungedhani umeme kauvumbua yeye. Jokofu la chanjo la zahanati yetu linaendeshwa na programu yake. Jumatatu skrini ilionyesha nyuzi nne kama kawaida. Nikafungua mlango, ndani vuguvugu. Tukatupa dozi sitini.

Mimi simung'unyi maneno. Nikampigia simu. "Wifi, jokofu lako linasema uongo! Mganga mkuu kasema lisipopona kufikia Alhamisi linarudishwa, na watoto wetu watafuata chanjo mji wa pili."

"Nakuja," akasema. Hakujitetea hata kidogo, nikashtuka.

Siku mbili alikaa sakafuni, kompyuta mapajani. Akanieleza kwamba mle ndani mna saa ndogo ya ulinzi. Kila sekunde nane programu lazima iiambie "nipo". Ikinyamaza, saa inaizima mashine na kuiwasha upya. Programu ilikwama ikisubiri jibu la kipimajoto, skrini ikabaki na nyuzi nne za zamani na ubaridi ukakatika, lakini saa haikufanya kitu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu." Aliona haya. "Mwaka jana mlilalamika linajizima ovyo. Nikaingia kwenye kiendeshi, ile programu ndogo inayozungumza na saa, nikakifanya kiwe kinaitikia 'nipo' chenyewe. Kumbe kinaitikia hata programu ikikwama."

Nilimjua aliyelalamika. Ni mimi, tena kwa sauti. Nikaanza kupanga bomba za sindano ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Alhamisi mganga mkuu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Wifi alikuwa ameufuta ule ujanja. Sasa "nipo" inatoka kwa programu yenyewe, baada ya kusoma joto. Akachomoa waya wa kipimajoto kusudi jokofu likwame. Tukahesabu pamoja hadi nane. Skrini ikazima, na mimi roho ikanitoka. Kisha ikawaka, ikaandika kwamba kipimajoto hakisomeki, na king'ora kikalia zahanati nzima. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

"Mtazivumilia kelele hizi?" mganga mkuu akaniuliza.

"Hata kila siku," nikajibu. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Wifi akarudisha waya. Nyuzi zilipotulia nikaleta boksi la chanjo mpya. Akasogea kunipisha, nikamtia boksi mikononi.

"Panga mwenyewe," nikamwambia.

Akafungua jokofu, akazipanga zote, moja baada ya moja.