Msusi wa Yamumbi anayelipwa kwa hadithi

Saa mbili asubuhi, mvua ya Agosti inapiga mabati ya saluni moja ndogo mtaani Yamumbi, pembeni mwa mji wa Eldoret, na Angeline Amolo ameshaanza kazi. Mbele yake, kwenye stuli iliyosogezwa karibu na jiko la makaa, ameketi Jepkosgei, mwanafunzi wa gredi ya tano. Mikono ya Angeline imo kwenye nywele za mtoto. Mikono ya mtoto imeshika kitabu.

Jepkosgei anasoma kwa sauti. Akinyamaza kumeza mate, vidole vya msusi navyo vinasimama. Akiruka ukurasa, anavutwa nywele kidogo.

“Haiya! Ametoka sokoni saa ngapi? Rudi nyuma, umeniruka,” Angeline anamwambia.

“Lakini hapo hakuna kitu, Mama Lorraine. Ni maneno tu.”

“Hayo maneno ndiyo nataka.”

Ndiyo sheria ya saluni hii wakati wa likizo. Mtoto akisoma kitabu kizima huku akisukwa, halipi hata shilingi. Asipokimaliza, anarudi nyumbani vile alivyo, upande mmoja mistari, upande mwingine msitu, kitambaa juu. Ndiyo maana kila Agosti, majirani humjua mtoto aliyekwama katikati ya hadithi hata kabla hajafungua mdomo.

Wavulana nao hawakuachwa nje. Kituyi, kinyozi wa kibanda cha jirani, huwanyoa kwa masharti hayo hayo, ingawa anakiri kwamba yeye hana bahati.

“Kichwa ya kijana inaisha kabla ya ukurasa wa tatu,” anasema akicheka. “Inabidi nimwambie akae tu hapo amalize, na wateja wananingoja.”

Kichwa cha mtoto ni shilingi mia moja na hamsini, kwa hivyo likizo huuacha mfuko wa Angeline ukipiga miayo. Akiulizwa kwa nini anajitesa hivyo, hana haraka ya kujibu. Anachana fungu la nywele, analigawa mara tatu, ndipo anaposema kwamba hafanyi wema wowote. Anatafuta sauti.

Lorraine ni binti yake wa pekee. Tangu Angeline alipohama kutoka Ahero na kufungua saluni hapa, msichana huyo alikuwa akitoka shule, anaketi nyuma ya mlango na kumsomea mama yake huku wateja wakisukwa. Wengine walikuja kusukwa kabla nywele hazijachakaa, ili tu wajue hadithi iliishia wapi.

“Mimi kitabu nasikiza, sisomi,” Angeline anasema. “Ningesoma kama mikono ingekuwa bure. Na mikono yangu haijawahi kuwa bure.”

Kisha Lorraine akapata kazi ya nyumbani huko Doha. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ulipoisha, akatia sahihi mwingine. Hupiga simu kila Ijumaa.

“Ananiambia amekula, mimi namwambia nimekula. Tunaogopa kusema kitu kingine, tutalia.”

Saluni ilikuwa kimya baada ya hapo. Siku moja Angeline alilia akiwa ameshika kichwa cha mteja, na mama wa watu akadhani anahurumiwa kwa vile nywele zake zilikuwa zimekatika. Wiki hiyo hiyo Angeline alimwambia mtoto wa kwanza: nisomee, nitakusuka bure.

Vitabu huletwa na wateja na hukaa kwenye katoni. Kimoja tu hukaa juu ya rafu, nyuma ya makopo ya mafuta. Hakina jalada, na hapa saluni huitwa kitabu cha punda, kwa sababu kinamhusu msichana anayemtafuta punda wake aliyepotea. Lorraine alikuwa akikisoma siku moja kabla ya kusafiri. Aliweka kibanio cha nywele alipofikia, akasema atakimalizia akirudi.

Leo, Angeline alipotoka kuchukua makaa, Jepkosgei alipanda stuli akakiteremsha. Angeline aliitambua hadithi kwenye sentensi ya kwanza. Alitaka kumkatiza. Hakuweza. Mwanzo ule ulimrudishia mwanawe mlangoni, na moyo wake ukaomba kidogo tena, kidogo tena.

Sasa kibanio kinaanguka sakafuni.

“Wacha hapo,” Angeline anasema.

“Lakini kurasa zimebaki kidogo tu! Na kichwa ni nusu, na shule ni kesho.”

“Zilizobaki ni za Lorraine. Nitakusuka tu.”

Jepkosgei anatikisa kichwa, nusu mistari na nusu msitu. “Si ulisema kitabu kizima? Wenzangu wote walimaliza. Mimi sitaki ya bure-bure.”

Angeline anamtazama. Anaokota kibanio, anakipangusa kwenye aproni yake.

“Basi soma kwa roho. Mimi nisisikie.”

Inakuwa mara ya kwanza mtoto kusukwa hapa bila sauti. Kunasikika mvua, na kurasa zikifunuliwa. Angeline anakaza macho kwenye mistari, lakini mara mbili anainama kuchungulia uso wa mtoto, kama anacheka au ana huzuni. Mstari wa mwisho na ukurasa wa mwisho vinaisha karibu pamoja.

“Mama Lorraine, kumbe punda...”

“Usiniambie!”

Jepkosgei anajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, anatoka mbio mvuani huku kitambaa cha kichwa kikibaki mkononi mwake. Angeline anarudisha kibanio mahali pake, kitabu juu ya rafu.

Ijumaa iliyopita Lorraine alisema huenda akaja Desemba. Alisema hivyo hata mwaka jana. Mama yake, hata hivyo, ameshanunua kiti kipya chenye mgongo, maana stuli ni ya watoto, na Lorraine sasa ni mtu mzima.

“Ataketi hapo, anisomee,” anasema, akikifuta kiti ambacho hakina vumbi. “Kurasa zenyewe ni chache sana. Lakini nitamsuka polepole.”