Kiatu yangu ya basketi ilivyoingia mu mahari kule Bihambwe

Wakuu, mukae vizuri. Hii mambo ilinipata miye mwenyewe, na bibi yangu iko hapa pembeni anasoma kila mustari. Siwezi ongeza chumvi hata nikitaka.

Miye ni mutu wa Kitshanga. Ugonjwa yangu ni moja: ile kiatu ya basketi ya zamani, ngozi nyeupe, ya kupanda mpaka kwa kifundo cha muguu.

Kwa wenye hawaijue: waliitengeneza Amerika kwa wachezaji, ile shingo ilinde kifundo wakati wa kuruka. Kisha wachezaji wakapata za kisasa, wakaiacha. Vijana wa mitaa wakaiokota, wakaivalia jeans, na mpaka leo haijatoka ku mode. Haina mataa, haina rangi saba. Ukiivaa, hata kama hauna kazi, unatembea kama mutu mwenye anangojewa mahali.

Yangu niliipata sokoni mu balo ya mitumba. Tulivutana na mama mumoja, kila mutu ameshika muguu moja. Nilishinda, lakini alinitukana vizuri.

Sasa, siku ya mahari ya Furaha, huyu bibi yangu, tukapanda Bihambwe kwa wazazi wake. Matope ya kule munaijua. Nilivaa bottes za mpira njia yote, kiatu iko mu sachet ya plastiki, nikabadilisha kwa mulango.

Dada yangu akaniuliza, "Unakuja kuoa ao kucheza match?"

Siku ya mahari, bwana arusi kwetu hasemi. Anakaa, anatazama chini, na baba mukubwa njo anamusemea. Tulileta mbuzi, blanketi, vitenge vya mama, na viatu vya baba mukwe, vyeusi, vya kung'aa.

Baba mukwe ni mulimaji, mutu wa maneno kidogo. Akavigeuza vile vyeusi, akaviweka chini.

Kisha akatazama miguu yangu.

"Ile njo ninataka."

Nikakohoa. Baba mukubwa akanifinya paja.

Mzee akaeleza. Wakati wa masomo, timu yao ya basketi ilikuwa na pea moja tu ya kiatu ya vile, na capitaine njo aliivaa. "Miye nilikuwa wa kubadilisha. Nikasema, siku capitaine atachoka, nitaingia, nitaivaa. Yule mutu hakuchoka mpaka tukamaliza masomo!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Bila ile, murudi siku ingine tuongee."

Mungu wangu! Nikamutafuta Furaha kwa macho. Alikuwa kwa mulango wa jikoni, ananionyesha kwa mikono: toa, toa!

Baba mukubwa hata hakuniangalia. "Baba, imekubaliwa. Tena iko bado na moto yake."

Nikafungua kamba polepole, roho inauma kweli. Soksi ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kikasalimia wakwe wote.

Mzee akavaa, akasimama, akaruka mara moja katikati ya salon. Vikombe vikalia juu ya meza. Wamama wakapiga vigelegele. Akanishika bega, akasema, "Mutoto wangu." Machozi ikanitoka, sijui ya bibi ao ya kiatu.

Funzo, wakuu: ukienda kwa wakwe, vaa kiatu yenye unaweza acha.

Siku ya kanisa mzee alivaa suti nyeusi na ile kiatu nyeupe. Alimuleta binti yake polepole sana, ili kila mutu apate muda wa kutazama chini. Mu foto zetu zote, hakuna hata mutu mumoja anaangalia bibi arusi.

Na wewe, wakwe walikuvua nini? Andika hapa chini, bibi yangu anataka kucheka.