Ng'ombe Nane Zangu na Nne za Yeyo

Kila tukichinja mbuzi hapa Kitengela mnaniuliza mbona kisu nampa mtu mwingine, mimi Mmaasai mzima nasimama kando kama mgeni. Haya, leo nawaambia, na mkicheka mcheke tu, aibu yenyewe nitazikwa nayo.

Ilikuwa wakati wa ule ukame, kule kwetu Mashuuru, serikali ikatangaza itatulipia nyasi ya mifugo, upeleke ng'ombe uwanjani zihesabiwe, upewe marobota kulingana na hesabu. Mimi nilikuwa na nane. Jirani yangu Yeyo Nashipae (yeyo kwetu ni mama), mjane, alikuwa na nne tu, na miguu ilikuwa imemfura, kwa hivyo akanipa kitambulisho chake akasema, "Mwanangu, zipeleke pamoja na zako, uniandikishie." (Moja ilikuwa Nado, ile nyekundu aliyoachiwa na marehemu mzee wake, na wajukuu walikuwa wanategemea maziwa yake.)

Sasa kwenye laini nikasikia watu wakisema mwenye kumi kwenda juu anapewa mara mbili. Tamaa mbaya, jamani! Kitambulisho nikakiacha mfukoni, nikasema zote kumi na mbili ni zangu (nikijidanganya eti tutagawana nyumbani, na sikuwa na mpango wa kugawana na mtu).

Nikasahau masikio. Huku kwetu kila boma linakata masikio ya ng'ombe kwa alama yake, hata mtoto anajua, na mimi niliyezikata zangu kwa mkono wangu nikasahau! Afisa wa mifugo akaangalia, akarudia kuangalia.

"Hizi nne zina masikio ya nani?"

"Nilinunua kwa Yeyo Nashipae," nikasema, tena kwa sauti ya mwenye mali.

Hapo hapo boda boda ikasimama, Yeyo akashuka na chupa ya chai, amenihurumia na lile jua. Nado kumwona tu akaacha wenzake, akaenda moja kwa moja kumlamba mkono. Uwanja mzima ukacheka. Chifu hakucheka, akaita askari wawili wakasimama karibu yangu.

"Mama, uliuza ama hukuuza? Kama hukuuza, huyu analala ndani."

Yeyo akaniangalia weee, mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Niliuza," akasema, na chai akaiweka chini.

Afisa hakuamini. Akasema hakuna barua ya mauzo kutoka kwa chifu, basi hizo nne zinafutwa, hazipati kitu, si kwangu si kwake. Nane zangu zikaandikwa.

Nyasi ilipokuja ilikuwa kidogo, na nilichelewa kumkatia Yeyo fungu kutoka kwa yangu, kwa aibu, wiki nzima nazunguka boma lake kwa mbali. Siku nilipojikaza nikafika na marobota mawili mgongoni, nikamkuta ameketi mlangoni.

"Karibu," akasema. "Ng'ombe yako alianguka usiku. Nilikuwa nakungoja uje umchune."

Hakuwa anatania. Nikamchuna Nado, mifupa mitupu, Yeyo ananiangalia bila hata tusi moja (afadhali angenitukana!). Nilipomaliza nikatoa kitambulisho chake, bado kilikuwa mfukoni, nikampa na mkono wa damu, akakipangusa na leso polepole.

Tangu siku hiyo kisu sishiki, na kitambulisho cha mtu sibebi, hata cha mke wangu. Ngozi aliniambia niende nayo kwa sababu ni yangu. Iko nyumbani mpaka leo, na masikio yake.