Harufu Ndani ya Gari la Mama Mkurugenzi

Dereva wa mama mkurugenzi walimbandika jina la Marufuku, maana ndani ya gari lile hata maji ya kunywa yalikuwa mwiko. Na ni yeye huyohuyo, bila haya, aliyeweka kikombe cha chai ya maziwa juu ya dashibodi, akakanyaga breki ghafla, chai yote ikazama kwenye matundu ya hewa. Alipangusa juu juu, asimwambie mtu.

Haukupita muda, kila kiyoyozi kikiwashwa gari zima likawa linanuka maziwa yaliyochacha.

"Baba, nisamehe," mama mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini. "Juzi uliposhuka kidogo nilimpakata mjukuu wangu hapo mbele, nadhani alicheua. Nilikuficha, niliogopa utanigombeza."

Marufuku akahisi uso unamwaka.

"Usijali, mama," akajibu. "Watoto ndivyo walivyo."

Jioni alikuwa akichokonoa matundu yale kwa kijiti alichokizungushia kitambaa, mama mkurugenzi akatokea na ndoo ya maji ya sabuni, mikono ya gauni ameikunja.

"Sogea nikusaidie," akasema. "Uchafu wenyewe ni wetu."

Marufuku akasogea.