Mashine Mpui, Waya Katandala

Laela ilishapita, Mpui ikapita, na bado nyanda za Ufipa zilikuwa zinajitandaza kushoto na kulia: nyasi kavu, matuta ya duara kama migongo ya kondoo waliolala, na upepo uliolisukuma basi ubavuni kama mtu anayetaka kupita kwanza. Mgeni aliyekaa dirishani hakuwahi kufika huku. Alishuka Sumbawanga baridi ikiwa imemwingia hadi kwenye meno, akapanda bodaboda mpaka Katandala, kwenye nyumba aliyoelekezwa kwamba ina chumba cha uani cha kupangisha. Alisema atakaa siku tatu. Alipousukuma mlango wa geti, majani makavu yakamvaa usoni.

Nyuma ya yale majani alikuwa amesimama mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, koti zito mwilini, miwani ya fundi wa kuchomelea machoni, ameshika mashine ya rangi ya chungwa yenye mdomo mrefu, inayonguruma kama pikipiki iliyokwama matopeni. Akaizima. Hakuomba radhi. Alitaka kujua kwanza basi limetoka wapi, Tunduma wamepita saa ngapi, na kama kwenye mizani kulikuwa na foleni ya malori. Mgeni akijibu moja, lilifuata jingine.

“Baba Justina,” mkewe alisema kutoka mlango wa jikoni, “mwache mtu akae kwanza. Hiyo barabara haiondoki.”

Eustaki akacheka, lakini macho yake yalibaki kwenye vumbi la viatu vya mgeni.

Miaka kumi na tisa alikuwa barabarani, kwanza utingo, baadaye dereva. Kifipa alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikikuta shuleni, Kinyamwanga Tunduma, Kibemba Ndola, na Kifaransa cha kuulizia maji na njia alikiokota Lubumbashi. Lori lilipouzwa na mwenyewe, alirudi nyumbani na begi moja na mashine hii, aliyoiona Tunduma kwenye lundo la vyombo vya mitumba, akaipenda kwa sababu pale hakuna aliyejua kazi yake. Kazi yake ni uwanja. Ukiiweka hivi, inapuliza majani mpaka yajikusanye pembeni. Ukibadilisha mdomo na kugeuza swichi, inayanyonya, inayasaga kwa pangaboi la ndani na kuyatema kwenye mfuko unaoning'inia begani. Inatumia umeme, kwa hiyo inaishia waya unapoishia, na waya wa Eustaki ulikuwa wa mita thelathini. Mtu aliyezoea kuamka nchi moja na kulala nyingine, sasa dunia yake ilianza kwenye soketi ya sebuleni na kuishia getini.

Na huo waya alikuwa nao mkewe, Jovina. Mwaka uliopita Eustaki aliaga anakwenda kusafisha uwanja wa watu hapo hapo mjini, akarudi siku ya kumi na moja akiwa na samaki wakavu kutoka Mpulungu, Zambia. Jovina aliwapika wale samaki, wakala, kisha akauviringa waya na kuufungia kabatini. Tangu siku hiyo waya ulitolewa asubuhi na kurudishwa jioni, kama ng'ombe.

Wiki ile uwanja ulikuwa na jambo. Jumamosi saa nne wazee kutoka Kaoze, bondeni, wangepanda kuja kumposa Faith, binti wa mwisho. Alipoposwa Justina, binti wa kwanza, Eustaki alikuwa siku ya sita kwenye foleni ya malori mpakani, na kiti cha baba kilikaliwa na mdogo wake Lazaro. Justina hakuwahi kulisema. Ila picha ya siku ile ilikuwa ukutani sebuleni, na Eustaki alijizoeza kupita pale akitazama upande wa pili. Safari hii alimwapia Jovina, Faith akisikia: Jumamosi atakaa kwenye kile kiti, na uwanjani hakutakuwa na jani hata moja.

Migrevilea mitatu iliyozunguka nyumba haikuwa imesikia kiapo hicho. Jumatatu na Jumanne ilimwaga majani mfululizo, na upepo wa mwezi wa saba ukafanya yaliyobaki. Eustaki alipuliza kuelekea pembeni, upepo ukayarudisha miguuni pake. Akaamua kufanya kazi pamoja na upepo badala ya kupingana nao, majani yakaruka ua wa michongoma na kutua kwa jirani, Rozina, mjane mwenye ulimi. Rozina akaja kusimama upande wake wa ua, mikono kiunoni.

“Shemeji, naomba kuelewa. Wewe na upepo, nani kaajiriwa hapo?”

“Mimi wa kudumu. Yeye kibarua.”

“Wewe wa kudumu?” Rozina akamwita Jovina aje naye alisikie hilo. Jovina alisikia. Hakucheka.

Hata hivyo kila jioni palikuwa na mfuko mmoja au miwili ya majani yaliyosagwa, laini kama ugoro, na Jovina aliyabeba hadi kwenye kijishamba chake nyuma ya nyumba, akayafukia ndani ya matuta kama mama yake alivyokuwa akifukia nyasi. Siku moja mashine ilimeza soksi ya Faith iliyodondoka kutoka kwenye kamba, ikakohoa, ikanyamaza, na Eustaki akaifungua skrubu zote akipiga mluzi. Hapo tu, mikono ikiwa ndani ya kitu kilichoharibika, ndipo miguu yake ilipotulia.

Jumatano upepo ukafa.

Hakuna jani lililotikisika. Mashine ikafanya kwa saa mbili kazi iliyoshindikana kwa siku mbili. Saa tatu asubuhi uwanja ulikuwa mtupu, mwekundu, umenyooka. Rozina mwenyewe alichungulia, akarudi kufagia kwake. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana kazi ilikuwa imekwisha. Eustaki aliuviringa waya, akaukunjua, akauviringa tena. Akamwuliza mgeni akitoka hapa anaelekea wapi, Mpanda au Kasanga. Mgeni akasema hajui, na Eustaki akashangaa jibu hilo kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula kipo lakini hakiliwi. Huko stendi basi lilipiga honi. Goti lake likaanza kucheza.

Simu iliyoita ilikuwa ya mama yake, Agnesi, kutoka Mpui. Ulezi umeshapurwa, alisema, umelundikwa uwanjani na makapi yake, na tangu alfajiri hakuna upepo wa kupepetea. Katika ukoo wao wageni wa posa hulishwa ugali wa ulezi uliotoka shambani kwa bibi wa binti. Sasa huo unga ungesagwa lini?

Jovina aliyasikia yote, maana simu ile ilikuwa na sauti ya redio. Akaitazama migrevilea iliyosimama kimya, akautazama uwanja. Kisha akamtazama mumewe, akakuta ameshavaa viatu.

Akaingia ndani, akatoka na waya.

“Ijumaa, jua halijazama,” akasema. “Ulezi uje, waya uje, na wewe uje.”

“Na mashine?”

“Mashine sikuolewa nayo.”

Huko Mpui umeme aliupata kwa Alphonce, jirani wa mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa kupuria. Wanawake walisimama na nyungo zao wakitazama. Eustaki alisogea kwenye lundo kama alivyozoea kusogelea majani, akawasha. Makapi yakaruka, na ulezi nao ukaruka. Kuku wakaja mbio kutoka pande zote. Mama yake akaukinga mdomo wa mashine kwa ungo.

“Eustaki. Upepo hauji na hasira hivyo.”

Akarudi nyuma hatua nne, akajaribu. Akarudi tena nne. Akapunguza nguvu mpaka mwisho, akauinua mdomo kidogo ili upepo ufike pale umechoka. Wanawake wakainua nyungo, wakamimina. Ulezi ukashuka wima, mwekundu wa kahawia, ukitoa sauti ya mvua ndogo juu ya turubai, na makapi yakaondoka taratibu kuelekea barabarani. Eustaki alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu aache usukani: yupo mahali pamoja, lakini kitu kilicho mikononi mwake kinakwenda.

Alhamisi alipepeta wa mama, akapepeta wa wengine watatu. Ijumaa wakaja kwa mikokoteni. Walimwita Fundi Upepo. Mtu mmoja alitoka Laela kuja kuona kwa macho, akasema kwao umeme upo na upepo hakuna, na kwamba wangempa pa kulala. Laela. Mbele ya Laela ni Tunduma, na mbele ya Tunduma Eustaki aliijua kila kona hadi ladha ya maji ya Lubumbashi. Akasema kwanza amalize lundo la Alphonce.

Alikuwa katikati ya lundo hilo, alasiri, lori la mahindi liendalo Sumbawanga liliposimama barabarani kupakia. Alphonce akamwambia kesho alfajiri patakuwa na magari mengine. Eustaki naye alikuwa anajiambia hivyo hivyo, na neno lilikuwa tamu mdomoni. Agnesi hakubishana na mtu. Mwanamke wa miaka sabini na sita, alikiinua kiroba cha ulezi, akajitwika, akaanza kwenda barabarani peke yake, hatua fupi fupi, bila kugeuka.

Eustaki akazima mashine. Akauchomoa waya.

Alphonce aliishika mashine kwa mikono miwili. “Ukiondoka nayo hii, hurudi.”

“Basi ibaki. Nitaifuata Jumapili.” Akauviringa waya mkononi, akakimbia kumpokea mama yake mzigo.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa alipoingia getini Katandala, kiroba cha ulezi begani. Jovina aliupokea waya, akaupima mkononi kama mtu anayepima uzito wa samaki, akaupeleka kabatini. Hakuuliza mashine iko wapi.

Walipoamka Jumamosi, upepo ulikuwa umerudi. Uwanja wote ulikuwa umefunikwa, kiti cha baba kimejaa majani hadi kwenye mikono yake. Eustaki alikwenda mpaka kwenye kona ambapo mashine huwekwa, mkono umeshanyooka, ndipo akakumbuka. Aliposimama pale hajui la kufanya, Jovina alimwekea fagio la vijiti mkononi. Rozina akapenya kwenye michongoma na la kwake.

“Wa kudumu,” akasema, “inama.”

Wakafagia watano: Jovina, Faith, Rozina, mgeni na Eustaki ambaye mgongo wake ulikuwa umesahau kazi hiyo. Wazee wa Kaoze walifika saa nne, watu wa joto la bondeni, wamejikunyata ndani ya makoti ya kuazima, na majani yalikuwa bado yanadondoka. Kiapo cha jani hakikutimia. Mshenga alieleza walichokuja kutafuta, kwa mafumbo na kikohozi kirefu, na Faith akaitwa. Aliulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Kabla hajajibu alitazama kwanza kwenye kile kiti, kuona ni nani aliyekaa. Jani la mgrevilea lilikuwa limetua kwenye kofia ya baba yake, na baba yake hakuligusa.

“Nawafahamu, baba,” akasema.

Jumapili, baada ya misa, Eustaki alikaa kidogo, akasimama, akakaa. Upepo ulikuwa ukivuma vizuri, upepo wa kupepetea.

“Upepo umerudi,” Jovina alisema. “Mpui wanapepeta wenyewe sasa.”

“Lakini mashine iko kule.”

“Najua iliko.”

Alitafuta namna ya kuitaja Laela, akaikosa. Jovina aliingia ndani. Alirudi na waya, umeviringwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kitenge, akamvika begani mwenyewe, akaiweka sawa kola ya koti lake. Mfuko wa kunyonyea majani ulibaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni.

“Jumamosi ulikaa,” akasema.

Bodaboda ilikuwa ikimsubiri nje. Ilipokata kona, Eustaki aligeuka: geti lilikuwa wazi, na mgeni wa siku tatu, leo siku ya saba, alikuwa uwanjani na ndala miguuni, anafagia majani yanayomrudia. Sauti ya Rozina ikatoka nyuma ya michongoma, ikimwuliza mgeni kama na yeye ni wa kudumu. Eustaki alitaka kulisikia jibu. Lakini alikuwa ameshamgusa dereva begani kwamba waende.