Zamu Yangu ya Idd

Kuna watu walioumbwa na subira. Mimi nilinyimwa, kisha nikapewa kazi ya kukaa kwenye kiti kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni nilikuwa opereta wa simu mjini Isiolo. Bodi ilisimama mbele yangu kama kabati lililojaa matundu, na kila tundu lilikuwa simu ya mtu: duka, polisi, hospitali, wenye malori, nyumba za wakubwa. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, kijifuniko kidogo kilianguka penye tundu lake, tap, nami nachomeka waya na kusema, "Namba tafadhali." Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba opereta hana mazungumzo yake. Unauliza namba, unaunganisha, unatoka. Mguu wangu ulikuwa ukitikisika chini ya meza kutwa nzima, hata nikachimba alama kwenye sakafu. Lakini niliipenda kazi ile. Niliketi Isiolo na mkono wangu ukafika Moyale, ukafika Mombasa, mimi ambaye kabla ya hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya kuchota maji mtoni.

Baba hakuipenda. Alikuwa askari wa Mwingereza, kama baba yake, na Mwingereza akampeleka Burma. Kuhusu vita hakusimulia, isipokuwa siku moja ya Idd ambayo aliwekwa kulinda stoo ya unga tangu alfajiri mpaka jua likazama. Hiyo aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka akaisimulia kwa hasira mpya. Nilipopata kazi, majirani walimjia wakimwambia kwamba bintiye ataongea na wanaume asiowajua mchana kutwa. Hilo halikumshughulisha. Aliniita akasema, "Siku zingine zote ni za serikali. Idd ni yangu. Siku watakunyima Idd, utawaachia kiti chao." Nikampa mkono. Nilikuwa na haraka ya kuanza kazi, na mtu mwenye haraka hupeana mkono kwa lolote.

Haikuwa kauli ya mchezo. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini nyumbani kwetu siku ya Idd ilikuwa kinyume. Sinia ya chakula cha mchana iliwekwa katikati, imefunikwa, na baba hakugusa mpaka kila mtoto wake aseme bismillahi kwa sauti, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Mwaka mmoja kaka yangu alichelewa mnadani Oldonyiro na mbuzi wake wasiouzika. Tulikaa tukiitazama ile sinia mpaka alasiri, mafuta yakaganda juu ya wali, mama akilalamika, baba amekunja mikono. Kaka alipoingia na vumbi lake akasema bismillahi akiwa bado mlangoni, tukala chakula baridi, na baba akala kwa furaha kama kimetoka jikoni sasa hivi.

Ofisini tulikuwa na mpango mzuri. Mchana tulikuwa wanawake wawili, mimi na mwenzangu Mkristo kutoka upande wa Meru, milimani. Usiku alikuwapo mzee mmoja wa Ngaremara, ambaye alfajiri ikifika alidandia lori la kwanza kurudi kwake, na huko humpati tena hadi jioni. Sikukuu zote ofisi ilifungwa, lakini bodi haifungwi. Basi mimi nilishika Krismasi na Pasaka, mwenzangu akashika Idd. Hakuna aliyenung'unika. Krismasi nilikuja na chai yangu kwenye chupa, nikawaunganisha watu wa milimani na mama zao, na roho yangu ikatulia, kwa sababu nilijua zamu yangu ya kutulia itakuja.

Mkubwa wetu wa ofisi ndiye aliyepanga zamu. Mwaka huo alitazama kalenda ya ukutani, akaona Idd imewekwa Jumatano, akapanga: Jumatano mimi mapumziko, mwenzangu kazini, Alhamisi mimi kazini, mwenzangu mapumziko. Kwake Idd ilikuwa kama Krismasi, siku iliyokwisha kupigwa chapa tangu Januari. Hakumuuliza mtu. Nami nilipouona mpango, sikufikiria la kusema. Tulitarajia mwezi uandame Jumanne, kila mtu mjini alisema hivyo.

Jumanne jioni nilikuwa kwenye bodi. Nje watu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama magharibi, na upepo wa msimu ule ulikuwa umeinua vumbi hata huwezi kuona mti, sembuse mwezi. Shehe wetu akapiga simu kutoka dukani kwa jirani yake. Alitaka Garissa. Nikamuunganisha. Akataka Mombasa. Mombasa ilichukua muda, kelele kwenye waya, nikabaki nikisikiliza kuhakikisha laini imeshika, nikasikia sauti ya mbali ikisema, "Hatujauona, shehe. Tunakamilisha thelathini."

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza Isiolo, baada ya shehe, kujua kwamba Idd ni Alhamisi. Na Alhamisi nilikuwa kazini.

Basi Jumatano nikapumzika. Niwaambie mapumziko hayo yalivyokuwa: nimefunga, koo limekauka, nimekaa nyumbani sina la kufanya, mama amenifukuza jikoni mara mbili kwa sababu nilikuwa nagonga sufuria. Baba alipita akanitazama. "Wewe leo unapumzika kutoka kwa nini?" Nikavaa viatu nikaenda ofisini.

Mkubwa alikuwa mezani kwake anakula mahindi ya kuchemsha. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali.

"Bwana mkubwa," nikasema, "Idd ni kesho."

"Nimesikia kwa redio. Kesho ofisi imefungwa. Mungu awabariki."

"Kesho mimi niko kwa bodi."

Akageuka akatazama karatasi ya zamu. "Ndiyo. Lakini si nilikupatia siku yako? Ama sikukupatia?"

"Ulinipatia, lakini haikuwa Idd."

"Kalenda inasema ni Idd."

"Kalenda haifungi Ramadhani, bwana mkubwa."

Akacheka. Alicheka vizuri, bila ubaya, na punje ya mahindi ikamtoka mdomoni. "Sasa wewe binti, mimi nimewapea nyinyi wawili siku moja moja, sawasawa. Siku yako ikichelewa kuja, hiyo ni shauri yangu? Mwenzako kesho ni wa kupumzika, ashapanga safari. Nimnyang'anye?"

"Krismasi yenu ingekuwa inangojea mawingu, ungepanga hivi?"

"Krismasi haingojei mtu," akasema, akarudia mahindi yake.

Nilisimama pale nikitafuta kosa katika hesabu yake, sikuliona. Siku moja yangu, siku moja yake. Ilikuwa sawasawa kabisa, na ilikuwa dhuluma, na mpaka leo sijui namna ya kumweleza mtu jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa kwenye karatasi moja. Kesho mkubwa mwenyewe, Mkristo, angelala nyumbani kwa sababu ya Idd. Makarani wangelala. Mfagiaji angelala. Ofisi nzima ingesherehekea Idd isipokuwa Mwislamu wake.

Nikaingia chumba cha bodi. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kisikilizio kichwani, na chini ya meza palikuwa na kikapu kimefungwa tayari. Nikaona mguu wa suruali ndogo umechomoza. Alikuwa na mtoto aliyemwacha kwa mama yake huko milimani, na alimwona siku za mapumziko tu, tena zile zenye gari. Alikuwa amesikia kila neno, maana ukuta ule ulikuwa wa mbao.

"Dada," akasema, "mimi nifanye aje? Ukiniambia nikae, nitakaa. Lakini uniambie wewe mwenyewe, nisikie."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa tayari. Nikaitazama ile suruali.

"Nenda ukaone mtoto wako."

"Utanikasirikia?"

"Nitakasirika, lakini si na wewe."

Akanishika mkono, kisha kifuniko kikaanguka, akageukia bodi. Nami nikatoka nikitembea upesi, nikapita soko la mifugo ambapo sikuwa na haja ya kupita, nikapita wauza miraa, nikazunguka mpaka mguu ukauma. Heri nusu shari kuliko shari kamili, huo msemo niliurudia njia nzima, na haukunisaidia chochote. Shari yangu ilikuwa kamili. Baba angetaka nirudishe kiti, na nilikuwa nimempa mkono.

Jioni, baada ya kufuturu kwa mara ya mwisho, dada zangu walikuwa wakinipaka hina. Nilimwambia baba huku mikono yangu imenyooshwa mbele, siwezi hata kujifuta uso. Nilimwambia yote: kalenda, mahindi, mtoto wa mwenzangu. Alisikiliza. Nilingoja akemee, maana kukemewa kungenipa nafasi ya kujibu. Aliuliza jambo moja tu.

"Huko kwa bodi, kesho, utakuwa peke yako?"

"Peke yangu."

"Unajua tulisema nini, mimi na wewe."

"Najua, baba."

Akainuka akaenda kulala.

Asubuhi nilivaa nguo mpya, sijui kwa ajili ya nani, nikaenda kazini watu wakiwa wanaelekea uwanjani kwa sala. Nilipitana nao wote. Salaam aleikum, Idd mubarak, unaelekea wapi binti, huko siko. Kutoka dirishani niliona kanzu nyeupe zikipita, kisha sikuona mtu tena, kisha nikasikia takbira zikiletwa na upepo, mara zinakuja, mara zinakatika.

Halafu vifuniko vikaanza kuanguka. Kila mwenye simu alitaka kumpigia mtu wake salamu za Idd. Garba Tula, Marsabit, Nairobi, Wajir. Mikono yangu yenye hina ilikimbia juu ya bodi ikichomeka na kuchomoa, na masikioni mwangu mji mzima ukala, ukacheka, ukauliza habari za watoto. Mwanamke mmoja alilia kwa furaha baada ya kumsikia mwanawe. Nilitaka kuwang'olea nyaya wote. Nasema ukweli: niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina ya matundu yao.

Adhuhuri ikapita. Nilijua sasa nyumbani sinia imewekwa, na baba amekunja mikono, na kitakachofuata nakijua. Kifuniko cha mwenye malori, mtu wa kwetu mwenye duka kwenye barabara kuu, kikaanguka.

"Namba tafadhali."

Nikasikia pumzi nzito, na nyuma yake mtu akielekeza, "Sema hapa, mzee, hapa chini."

"Namba tafadhali!"

"Sitaki namba," sauti ikanguruma hadi kisikilizio kikanikwaruza sikio. "Nataka binti yangu."

Baba hakuwahi kushika simu. Alisema ni kuongea na ukuta. Sasa alipiga kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto.

"Baba? Kuna nini?"

"Tuko kwa duka. Sinia iko juu ya kaunta. Mama yako amekasirika, ameibeba barabarani watu wakiona." Nikamsikia mama akisema jambo, na ndugu zangu wakicheka. "Wengine wote washasema. Umebaki wewe."

Kifuniko kikaanguka. Hospitali. Kingine, polisi. Kisha tundu la juu kabisa upande wa kushoto, nyumbani kwa mkubwa. Opereta hana mazungumzo yake. Viliendelea kuanguka, tap, tap, nami mkono wangu uko hewani na waya, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mguu wangu ulikuwa umetulia.

"Bismillahi," nikasema.

"Sikusikia!"

"Bismillahi, baba!"

Nikamsikia akitafuna. Alitafuna polepole, karibu na mdomo wa simu, kama mtu anayetaka kusikika. Sikuwa na kitu mkononi isipokuwa ule waya, na tumbo langu likanguruma, na machozi yakanidondokea juu ya nguo mpya.

"Mimi siku ile ya stoo," akasema mdomo ukiwa umejaa, "hakuna mtu alikuja kuniambia hata Idd njema. Mpaka jua ikazama. Hakuna mtu." Akameza. "Wewe usiache kiti. Lakini huyo mkubwa wako, usimnyamazie."

Simu ikakatika, nadhani aliiweka kichwa chini.

Nilifuta uso, nikaunganisha hospitali, nikaunganisha polisi. Mkubwa nikamweka mwisho. Nilipochomeka waya wake alikuwa anafoka, yule mpole, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nimezungusha hii simu mpaka mkono umechoka! Mbona umekawia hivyo?"

"Mwezi ulichelewa, bwana mkubwa," nikamwambia. "Namba tafadhali."