Kwangu Sori Haipiti

Mwanangu, naikumbuka vizuri ile asubuhi niliyosimama mlangoni kwa Bi Atija nikamwambia "sori", nikidhani nimemaliza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nitakueleza, maana najua mnanicheka humu nyumbani kwamba Bibi hataki sori. Kweli sitaki. Cheka kwanza, ukimaliza usikilize.

Shule nimekaa miaka mitatu tu na Kiingereza sikijui, lakini neno hilo nalijua kuliko nyie, kwa sababu mnanirushia kutwa kucha. Sokoni Chuno kijana akinikanyaga, sori. Mwenye duka akiishiwa sukari, sori. Msibani mnamwambia mjane sori, kana kwamba nyie ndio mliomuua mumewe. Simu ikikwaruza, "Sori?", maana yake hujasikia, rudia. Binti akitaka kupita kwenye foleni, sori, na kiwiko kishafika mbavuni kwa mwenzie. Mkigombana, mmoja anabinua mdomo, "Sooori!", hapo ni tusi kabisa. Juzi mjukuu wangu kaacha mbuzi wale miche ya mikorosho niliyoibebesha vikonyo vya mkorosho bora kwa mkono wangu, akanipa sori ileile ya kukanyagana sokoni, macho kwenye simu. Waingereza labda wanajua kuzitenganisha. Mimi na lugha yao hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na mtu anayejificha nyuma ya neno, na mimi nilijificha kabla yenu.

Kijijini kwetu, upande wa Ruvuma, tulikuwa tunalima muhogo mchungu, kwa sababu ule mtamu nguruwe pori hawakuachii hata shina. Mchungu una sumu. Unaumenya, unauloweka siku nne mpaka ulainike, unauanika ukauke kau, ndipo unatwanga. Mama yangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Watu walikula unga wake bila kuuliza, na usiuone huo ni utajiri mdogo.

Basi dada yake alijifungua, Mama akaenda mjini kumtunza. Aliniacha na muhogo majini. Akaniambia, "Somoe, zitimie nne. Ukiutoa kabla, umelisha watu sumu." Unga huo ulikuwa wa jirani yetu Bi Atija. Wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji, na yeye na mama yangu walikuwa wameshakula chungu kimoja miaka.

Siku ya pili nikasikia kuna ngoma Nanyamba. Mwanangu, mimi kwa ngoma nilikuwa sijiwezi. Nikautoa ule muhogo, nikaukata vipande vyembamba ukauke haraka, nikauanika jua moja, nikautwanga, nikampelekea Bi Atija kapu lake. Nikaenda zangu kucheza.

Niliporudi nikakuta Bi Atija na binti yake Sofia wamelala kwenye mkeka, wametapika mpaka wamebaki macho. Sofia miguu ilikuwa haimbebi. Alipelekwa zahanati kwa baiskeli, kafungwa kwa kanga asianguke. Mungu mkubwa, walipona wote wawili.

Wakati ule nilikuwa naosha vyombo kwa mwalimu mmoja, na kwake ndipo nilipoliokota hilo neno. Nililiona la kistaarabu, jepesi mdomoni. Ndiyo asubuhi ile nikaenda, nikasimama mlangoni, nikasema, "Sori, Bi Atija."

Akaniangalia. "Sori? Hiyo ni dawa au jina la ugonjwa?"

Wanawake waliokuja kumjulia hali wakacheka. Nikasema tena, "Sori, mama."

"Mwali, mimi nimeshikwa tumbo, sijashikwa masikio. Nani katwanga unga ule?"

Nikainama, nikafunga upya kanga yangu.

"Haya," akasema. "Mama yako akirudi aje achukue kapu lake. Unga wake hapa hauingii tena."

Nikaondoka. Ningeweza kugeuka mlangoni nikasema ni mimi. Sikugeuka. Moyoni nikajiambia si nimeshaomba msamaha? Wanataka nini zaidi?

Mama akarudi. Kisimani wanawake wakasogeza ndoo zao mbali na yake. Akaambiwa. Mwanangu, ningependa kukwambia alinichapa. Hakunichapa. Alikaa kibarazani akawa anahesabu kwa vidole siku alizouloweka muhogo kabla hajaondoka. Akasema, "Labda nilikosea mimi. Labda nilikuambia vibaya." Mama yangu, ambaye hajawahi kukosea siku hata moja, alikuwa anajitafutia kosa ili mimi nisiwe nalo.

Hapo ndipo neno la mwalimu lilipoisha ladha. Nikamwambia yote, na ngoma nikaitaja. Akasema, "Usiniambie mimi. Sikuumwa mimi."

Kwetu aliyemlisha mwenzie vibaya huenda kupika uani kwa aliyemkosea, akala wa kwanza wakiwa wanamtazama. Nikang'oa muhogo upya. Siku nne majini, nikazihesabu kama mgonjwa anayehesabu sindano. Nikauanika mpaka ukavunjika kwa sauti. Nikatwanga, nikajitwika unga, sufuria na kuni, nikaingia uani kwa Bi Atija bila kuitwa. Wanawake walewale walikuwepo. Nikapiga magoti nikasema kwa sauti wasikie mpaka njiani:

"Ni mimi Somoe. Mama hakuwepo. Niliutoa muhogo siku ya pili kwa sababu nilitaka kwenda ngomani. Nimekulisha sumu wewe na Sofia. Nimekukosea. Niradhi."

Nikawasha moto, nikasonga ugali, nikamega, nikala peke yangu, tonge baada ya tonge. Kivuli cha nyumba kilikuwa miguuni mwangu nilipoanza, kikafika magotini bado nakula. Halafu Sofia akasogea akijivuta, akanawa mikono, akamega. Bi Atija akamtazama binti yake akitafuna, akameza mate, naye akanyoosha mkono.

"Una madonge," akasema. Akamega tena. "Kamwite mama yako aje tule."

Nilikimbia, mwanangu. Kanga ilinivuka njiani, sikuiokota.

Kwa hiyo niiteni mshamba, niiteni bibi wa zamani, sibadiliki. Sori mtapeana sokoni mkikanyagana, sikatazi. Lakini ukimuumiza mtu, nenda kwake kwa miguu yako. Jitaje jina. Taja ulichofanya, na kwa nini, hata kama hiyo kwa nini inakuaibisha, maana usipokitaja kuna mtu mwingine atakibeba, na mara nyingi ni yule anayekupenda. Kisha kaa hapo ungoje. Akikataa, ni haki yake, utarudi kesho. Asikudanganye mtu kwamba kupiga magoti ni kushuka. Mimi siku ile nilinyanyuka mrefu kuliko nilivyoingia, na mpaka leo hakuna wa kuniinamisha.

Nakuombea kinywa kisichoogopa kusema "ni mimi", na miguu ya kukufikisha mlangoni kwa uliyemkosea. Na huyo uliyemkosea, Mungu amweke hai mpaka ufike.